Gauni "limeshonwa na Dior" au "limeshonwa kwa Dior"?

Swali: Nina mchoro wa Christian Dior, yule mbunifu wa mitindo wa Paris, wa miaka ya 50, mwanamke kiuno kimebanwa, sketi imemwagika mpaka chini ya goti. Chini yake nimeandika "gauni lililoshonwa na Dior". Shoga yangu anabisha, eti ni "lililochorwa na Dior". Nani yuko sawa?

Jibu: Wote mmeteleza, ila we zaidi. Ukisema "limeshonwa na" unamtaja aliyeshika sindano, na Dior hakuwa fundi cherehani. Jamaa alianza kwa kuchora, miaka ya 30 alikuwa anawauzia michoro wenye nyumba za mitindo Paris mpaka mmoja wao, Robert Piguet, akamwajiri 1938, na hata alipokuwa na nyumba yake mwenyewe pale Avenue Montaigne kazi ilianzia kwenye karatasi, mafundi wanaipokea wanajaribishia kwanza kwenye kitambaa cheupe cha pamba, marikani tuseme, ye anakuja anaangalia anasahihisha, ndo kitambaa chenyewe kinakatwa. Hata ile suti yake maarufu inayoitwa Bar, ya Februari 1947, jaketi la hariri rangi ya maziwa na sketi nyeusi ya marinda, ni hivyohivyo. Balenciaga, mbunifu mwenzake, ningekuacha useme kashona, maana yule alijifunza ufundi tangu mdogo huko Hispania na mkasi aliujua.

Najua utanirudishia kwamba sisi wenyewe tunasema "nimeshona gauni la harusi" na sindano hatujaigusa. Kweli, na ni Kiswahili safi kabisa, mtu anaelewa umeshonesha. Lakini ukishageuza kuwa "limeshonwa na" huo mlango umefungwa, kinachobaki ni mtendaji tu. Ukiing'ang'ania kushona basi tumia "kwa": "lililoshonwa kwa Dior", yaani pale kwake, kama mtu anavyosema kashona kwa fundi wa mtaa wa pili.

Na "lililochorwa" la shoga yako nalo lina utata, msomaji anaweza kudhani gauni lenyewe ndo limechorwachorwa maua.

Mi ningeandika "gauni lililobuniwa na Christian Dior". Kubuni hakudai hata kwamba gauni lilishonwa, na hapo ndo penyewe, kwa sababu michoro ilikuwa mingi kuliko nguo, na huo wako huenda haukuwahi kutoka kwenye karatasi.