Sukari haikuisha: kwa mnaoanza kemia

Wadogo zangu, kosa langu la kwanza katika kemia lilikuwa la sukari. Mwalimu aliuliza: maji ya sukari ni mchanganyiko au kampaundi, yaani kitu kipya kinachotokea elementi zikiungana kikemia? Nikanyosha mkono, nikasema kampaundi, kwa kuwa sukari haionekani tena. Darasa zima likaniunga mkono, na sote tukakosa. Sasa nimetayarisha vifaa vya maabara kwa miaka mingi katika shule moja ya Eastlands, na bado kila darasa jipya hujikwaa papo hapo, kwa kuamini macho.

Acha maji hayo yakauke, sukari utaikuta chini ya kikombe, tamu vilevile: ilichanganyika na maji tu, haikuungana nayo. (Kuonja ni kwa nyumbani. Maabarani hatuonji kitu.)

Fikirieni githeri. Bei ya maharagwe ikipanda, muuzaji wa kibandani anazidisha mahindi, na bado mtaiita githeri, hata mkinung'unika. Mchanganyiko ndivyo ulivyo, hauna kipimo maalumu. Kampaundi haikubali mchezo huo. Katika maji, kila gramu 1 ya haidrojeni imeshikana na gramu 8 za oksijeni, yawe yametoka bwawa la Ndakaini au yameanguka kama mvua. Mwishoni mwa karne ya 18 mwanakemia Mfaransa Joseph Proust alilishikilia jambo hili, na mwenzake Berthollet akambishia kwa miaka.

Ukibadilisha kipimo unapata kitu kingine kabisa. Gramu 12 za kaboni zikishika gramu 32 za oksijeni, hiyo ni kaboni dioksidi, ile mnayoitoa puani. Zikishika gramu 16 tu, ni kaboni monoksidi. Haina harufu wala rangi, na hung'ang'ania damu kuliko oksijeni yenyewe. Ndiyo inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, baridi ya Julai ikiwa imebana. Elementi ni zilezile mbili, kaboni na oksijeni. Mimi mfano huu siupitii haraka darasani, na mkirudi nyumbani waambieni wazazi.

Jaribio mtakalofanya mapema ni la chuma na salfa: gramu 7 za unga wa chuma kwa gramu 4 za salfa. Kabla ya moto, pitisha sumaku chini ya karatasi uone chuma kikiiacha salfa. Kisha pasheni moto, madirisha yakiwa wazi, maana salfa ikiungua hutoa gesi inayokaba koo. Mchanganyiko ukishaanza kuwa mwekundu ondoeni moto, nao utaendelea kuwaka wenyewe. Hapo wengi hurudi nyuma hatua mbili. Kinachobaki ni bonge jeusi, nalo linapaswa kuikataa sumaku.

Nasema linapaswa. Mara nyingi huvutwa kidogo, na nimeona wanafunzi wakiandika "halikuvutwa" kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Andikeni mlichokiona, kisha mtafute sababu: huenda chuma kilizidi, au unga haukusagwa pamoja vizuri, kikabaki chuma ambacho hakikuungana.

Jambo jingine linalotofautisha kitu safi na mchanganyiko ni kuchemka. Maji safi yakifika kiwango chake cha kuchemka hukaa hapohapo hata ukiongeza moto, ilhali maji ya chumvi huzidi kupanda kidogokidogo kadiri yanavyopungua. Kila mwaka lakini kuna anayeniletea kipimajoto akidai kimeharibika, kwa kuwa maji safi yamekwama kwenye nyuzi 94 au 95 na kitabu kinasema 100. Kipimajoto ni kizima. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu hukandamiza maji kwa nguvu ndogo kuliko ya pwani, ndiyo maana huchemka mapema. Hiyo 100 waachieni wa Mombasa.