Hakimu Akija Shuleni, Aje na Kesi Moja

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari mkoani Morogoro. Wakati wa Wiki ya Sheria tulitembelewa na hakimu na wakili, wakazungumza kwa muda mrefu wakitaja kifungu kimoja baada ya kingine. Wanafunzi walipiga makofi, lakini wiki iliyofuata hakuna aliyekumbuka jambo. Mmoja aliuliza kuhusu kesi inayoendelea wilayani kwetu, akaambiwa kwamba swali hilo halijibiwi. Zaidi ya hayo, mzazi mmoja analalamika kwamba tunawafundisha watoto ujeuri. Tufanye nini ili ziara ijayo iwe na manufaa? — Mwalimu, Morogoro.

JIBU: Mwalimu, kasoro uliyoieleza ni ya maandalizi, nayo inarekebishika. Mgeni ambaye hakuambiwa shule inataka nini huja na hotuba. Mwombe aje na kesi moja tu, iliyokwisha kuamuliwa, ambayo wanafunzi wameisoma kabla.

Tunapendekeza kesi ya Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kwa kuwa inahusu watu wa umri wa wanafunzi wako. Gyumi, mtetezi wa haki za wasichana, alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, ilhali mvulana alitakiwa awe ametimiza miaka 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha; Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa hiyo. Humo mwanafunzi anaiona mihimili yote mitatu ikifanya kazi: Bunge lililotunga sheria, Serikali iliyoitetea, na Mahakama iliyoipima kwa Katiba, lakini ambayo haikuiandika upya, kwa sababu kutunga sheria si kazi yake. Ligawe darasa pande mbili, wengine wajenge hoja za mwombaji na wengine za Serikali. Hakimu awasikilize, kisha awaeleze hoja ipi ina uzito na kwa nini. Hukumu ni ndefu na imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo wakili aombwe kutayarisha muhtasari wa Kiswahili wa ukurasa mmoja, uwafikie wanafunzi mapema.

Kuhusu swali lililokataliwa, hakimu alitenda sawasawa, ila ilimpasa aeleze sababu. Kesi ikiwa bado inasikilizwa, neno la hakimu nje ya mahakama laweza kumfanya mmoja wa wadaawa, yaani pande zinazoshindana katika kesi, aamini kwamba uamuzi umekwisha kupangwa, na Ibara ya 107B ya Katiba inazitaka mahakama ziwe huru na kufuata Katiba na sheria za nchi tu. Kwa maoni yetu, maelezo hayo yangewafaa wanafunzi kuliko vifungu vyote vilivyotajwa siku ile.

Mzazi anayehofia ujeuri msomee Ibara ya 26, ambayo kwanza inamtaka kila mtu aitii Katiba na sheria za nchi, kisha inampa haki ya kuchukua hatua za kisheria ili kuzihifadhi. Mtoto anayejua kwamba malalamiko yana njia yake hana haja ya kufanya fujo. Mzazi huyo aalikwe siku ya ziara.

Barua ya maombi iandikwe na mkuu wa shule kwa Hakimu Mfawidhi wa wilaya, yaani hakimu msimamizi wa mahakama, na kwa mawakili kupitia Chama cha Wanasheria Tanganyika. Msisubiri Wiki ya Sheria, kwani wakati huo wageni hao wanahitajika kila mahali.

Jambo la mwisho tunalisisitiza sana. Mazungumzo ya ndoa za utotoni au ukatili yanaweza kumfanya mtoto aanze kueleza yanayompata nyumbani, mbele ya wenzake wote. Waambie wanafunzi tangu mwanzo kwamba masuala yao binafsi hayaulizwi hadharani, utenge chumba na mwalimu wa malezi, na ukubaliane mapema na afisa ustawi wa jamii pamoja na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nani atapokea taarifa hizo siku hiyohiyo. Namba 116, ambayo mtoto huipiga bila malipo, iandikwe ubaoni kabla wageni hawajaingia.