Mdomo Kuwasha Baada ya Kula Karoti: Namna ya Kuutambua Mzio wa Mboga

Mzio wa chakula ukitajwa, watu hufikiria karanga, samaki, mayai au maziwa. Mboga huwa hazishukiwi, kwa kuwa zinajulikana kuwa chakula cha afya. Mimi nina mzio wa karoti mbichi, na nimeona wengi wakihangaika na dalili kama zangu wakidhani ni dawa za shambani au uchafu.

Kwangu dalili hazijifichi. Nikitafuna kipande kibichi, hata sijakimeza, ulimi unaanza kuwasha pembeni, halafu midomo kwa ndani, halafu kaakaa. Masikio nayo huwasha kwa ndani, pale ambapo kidole hakifiki. Nikitema na kusukutua, hali hutulia ndani ya saa moja. Karoti hiyohiyo ikichemshwa hadi ikalainika, naila bila shida yoyote.

Tofauti hiyo ya mbichi na iliyopikwa inasema mengi. Wengi wenye hali hii kwanza wana mzio wa chavua, yaani unga wa maua, ule wa mafua na macho kuwasha msimu wa maua. Baadhi ya protini za mboga zinafanana mno na za chavua, kwa hiyo kinga ya mwili inazishambulia zote. Moto huziharibu protini hizo, ndiyo maana chakula kilichoiva hakisumbui. Lakini usiichukulie kuwa kanuni ya mboga zote. Seleri ina protini nyingine zinazostahimili moto, na hata supu yake inaweza kumdhuru mtu. Umoja wa Ulaya umeiweka kwenye orodha ya vizio 14, yaani vitu vinavyoleta mzio, ambavyo lazima vitajwe kwenye vyakula.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: angalia saa, na uandike. Mzio wa aina hii hujitokeza ndani ya dakika chache, mara nyingi kabla ya saa mbili kupita. Andika ulikula nini, kilikuwa kibichi au kimepikwa, kilimenywa au la, na kama ulifanya mazoezi, ulikunywa pombe au ulimeza aspirini karibu na mlo huo, maana hivyo vinaweza kuuzidisha mzio. Ukiona mboga ileile inaleta dalili zilezile kila mara, una jambo la maana la kumpelekea daktari.

Si kila mwasho ni mzio. Pilipili huchoma kila mtu. Magimbi yasiyoiva vizuri huwasha koo kwa sababu ya chembe kali zilizomo ndani yake. Tumbo kujaa gesi baada ya kula kabichi au vitunguu ni suala la usagaji wa chakula. Ngozi nayo ina yake: anayemenya vitunguu saumu kila siku anaweza kuona ncha za vidole vya mkono unaoshika kitunguu, si ule wenye kisu, zikikauka, zikipasuka na kuuma. Huo unaweza kuwa mzio wa ngozi, ambao huchelewa siku moja au mbili, kwa hiyo wengi hawauhusishi na jikoni.

Sasa lililo zito. Ukiona ulimi unavimba, sauti inakwaruza, koo linabana, pumzi inakuwa ya shida, vipele vinatapakaa mwilini, mtu anatapika mfululizo au anahisi kuzimia, hiyo ni dharura. Tiba yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja, kwa nje. Vidonge vya mzio haviwezi kuchukua nafasi yake. Mlaze mgonjwa chali, au mketishe kama anapumua kwa shida, ila asisimame wala kutembea. Apelekwe hospitali hata akipata nafuu, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Tafadhali usijipime nyumbani kwa kuonja tena mboga unayoishuku. Kapimwe, na ukienda uliza kama unaweza kubeba mboga yenyewe ikiwa mbichi, kwani daktari anaweza kuichoma kwa sindano kisha akakuchoma kidogo kwenye ngozi. Dawa za kipimo zilizotengenezwa kiwandani wakati mwingine hupoteza protini hizo. Uliza pia ni siku ngapi kabla unapaswa kuacha vidonge vya mzio, maana huficha majibu ya ngozi. Na usiache mboga zote kwa hofu ya moja. Mimi nilichoachishwa ni karoti mbichi tu.