Uzamivu wa uhandisi: anza na msimamizi, jina la chuo baadaye

Ndugu yangu wa Chake Chake, unauliza kama orodha ya vyuo bora duniani inatosha kuchagulia mahali pa kusoma uzamivu (PhD) wa uhandisi. Haitoshi. Orodha ile hupima chuo kizima, na wewe utakaa na msimamizi mmoja na maabara moja.

Ingia kwenye hazina ya tasnifu ya chuo, tafuta wanafunzi wa msimamizi huyo, soma tasnifu zao hata tatu. Ulizia walianza mwaka gani na kuwasilisha mwaka gani. Programu ya miaka 4 inayomalizwa kwa 7 ina kasoro, aghlabu pesa au mashine mbovu. Tazama pia makala zao: jina linalotangulia kwenye orodha ya waandishi ni la mwanafunzi, au la msimamizi siku zote?

Kwa mada yako ya nondo kupata kutu ndani ya zege la pwani, maabara ndiyo roho ya kazi. Sampuli hukaa kwenye maji ya chumvi miezi mingi. Mashine ikifa katikati, vipimo vinakatika na huenda uanze upya. Basi uliza: fundi wa maabara ameajiriwa kudumu? Mashine ilikaguliwa usahihi lini? Vipuri analipa nani?

Ufadhili uwe kwa maandishi: ada, posho, na gharama za utafiti, ambazo ndizo husahauliwa. Chuo kikiwa cha nje, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwamba shahada yake inatambuliwa kabla hujalipa chochote. Na mtafute mwanafunzi aliyeacha njiani, umuulize kwa nini. Waliomo bado huwa na adabu mno, hawasemi kasoro.