Ritani ya kwanza ya kodi Kanada: mshahara wa Mwanza na pango la nyumba

Swali: Shikamoo kaka. Mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tuliingia Edmonton tarehe 1 Septemba 2024 tukiwa na ukazi wa kudumu. Hadi Agosti nilikuwa mwalimu Mwanza. Oktoba nilipata kazi ya ghala hapa, na sasa mwajiri amenipa fomu ya T4, ya mshahara na makato. Mume wangu bado hajapata kazi. Nyumba yetu ya Mwanza ina mpangaji. Je, mshahara wangu wa ualimu utatozwa kodi huku? Na mume wangu ana haja ya kujaza chochote?

Jibu: Marahaba, dada. Mshahara wa ualimu hautatozwa kodi Kanada. Mumeo naye ajaze ritani, yaani fomu ya mwaka ya kutangaza kipato, tena msikawie: mwisho wa ritani ya mwaka 2024 ulikuwa 30 Aprili 2025.

Kila kitu kwenye ritani yako kinageukia ile tarehe 1 Septemba. CRA, mamlaka ya mapato ya Kanada, inakuhesabu mkazi wa kikodi tangu siku ulipohamishia maisha yako hapa, na kwa familia iliyoshuka na watoto na mabegi yote, siku hiyo ni ya kuwasili. Iandike ukurasa wa kwanza panapoulizwa tarehe ya kuingia. Ulichopata Tanzania kabla ya hapo hakitozwi. Kuanzia hapo unatangaza kipato cha dunia nzima, hata kinachoingia kwenye akaunti ya Mwanza.

Ukiiangalia T4 yako, kisanduku cha 14 ni mshahara wa hapa na cha 22 ni kodi waliyokwisha kukukata. Usiujumlishe mshahara wa ualimu na hicho cha 14. Utauandika, ukiwa umeubadilisha kuwa dola za Kanada, pale tu unapoulizwa kipato cha kabla ya kuwasili.

Kuna hesabu moja inayowaumiza wageni wengi. Kiwango cha msingi kisichotozwa kodi ya shirikisho kwa mwaka 2024 ni dola 15,705, lakini wewe umekuwa mkazi siku 122 kati ya 366, yaani theluthi kamili. Kwa hiyo chako ni dola 5,235. Mtu akisahau kuingiza tarehe ya kuwasili, programu ya kujazia ritani humpa 15,705 nzima, anafurahia marejesho, kisha barua inakuja ikimdai arudishe tofauti. Kwa kuwa mumeo hana kipato tangu mfike, unaweza kudai pia kiwango kisichotozwa kwa ajili ya mwenzi, nacho kinakatwa kwa siku hizohizo.

Sasa nyumba. Kiswahili chetu kinatuchanganya hapa kwa sababu kodi ni ya serikali na kodi ni ya mpangaji, basi ya mpangaji niite pango. Pango la Septemba hadi Desemba unalitangaza Kanada, ukitoa gharama kama ukarabati na malipo ya dalali. Kama TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, imepata kodi yake kwenye pango hilo, tunza stakabadhi, maana kodi uliyolipa huko hupunguza utakayodaiwa hapa. Mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili kati ya Kanada na Tanzania upo.

Jambo ambalo hukuuliza, na ndilo ningekuomba ulifanye wiki hii, ni kupata thamani ya nyumba hiyo ilivyokuwa tarehe 1 Septemba 2024. Sheria ya Kanada inakuchukulia kana kwamba uliinunua siku hiyo kwa bei ya soko. Tuseme mliijenga kwa shilingi milioni 60, siku mnaondoka ilikuwa na thamani ya milioni 150, na baadaye mkaiuza milioni 180. Faida inayohesabiwa hapa ni milioni 30, wala si 120. Bila karatasi ya mthamini aliyesajiliwa, utakuja kubishana kwa kumbukumbu miaka kumi baadaye, wakati majirani wamehama na bei za wakati huo hakuna anayezikumbuka. Fomu ya T1135 ya mali za nje zinazozidi dola 100,000 haikuhusu kwa mwaka 2024. Mwaka wa kwanza wa ukazi umesamehewa.

Fedha unazomtumia mama nyumbani hazipunguzi kodi. Najua inauma, lakini usiziandike.

Mumeo ajaze ritani yake hata kama ni sifuri tupu. Malipo ya serikali ya kusaidia kulea watoto, CCB, hukokotolewa kwa kipato cha wote wawili, na kila Julai hesabu huanza upya; ritani ya mmoja ikikosekana, fedha husimama. Malipo hayo huombwa kwa fomu RC66 pamoja na RC66SCH ya wageni, na hakukuwa na haja ya kusubiri ritani. Humo pia mshahara wako wa Mwanza unahitajika. Kama hamjaipeleka, ipelekeni sasa, na miezi iliyopita itahesabiwa.

Msomaji wa Montreal aliyeuliza jambo kama hili ajue kwamba jimbo lake la Quebec lina ritani yake ya pili, inayokwenda kwa mamlaka ya mapato ya jimbo, Revenu Québec.

Kliniki za bure za kodi zinazoendeshwa na watu wa kujitolea, nyingi hufunguliwa Machi na Aprili, kwa kawaida hazipokei ritani yenye kipato cha pango, kwa hiyo tafuteni mtaalamu wa kodi. Nendeni wote wawili, na T4, namba zenu za SIN (za utambulisho wa kazi na kodi), hati za ukazi, jumla ya mshahara wa Januari hadi Agosti na hesabu ya pango la miezi minne.