Chemshabongo: Geuza Neno, Usigeuze Herufi

Toleo lililopita niliwawekea fumbo la visanduku 15 kwa 15 lenye sharti moja: kila jibu refu ni neno ambatano, na vipande vyake viwili vibadilishane nafasi. Garimoshi liingie kama MOSHIGARI, batamzinga kama MZINGABATA. Majibu mafupi yabaki yalivyo. Barua zimekuja nyingi kuliko kawaida, na si zote za shukrani.

*Shikamoo Mzee. Mimi ni muuguzi, niko Tanga, na zamu zangu za usiku huishia na fumbo lako. Namba 4 kwenda kulia imenishinda. Kidokezo: "Mwadhini yuko msikitini, adhana iko sokoni, nani kaibeba? (11)". Nimejaza SAUTIKINASA, visanduku 11 vimetimia, na babu yangu alikuwa na kanda ya adhana akiipiga kila alfajiri, kwa hiyo maana naiona imo. Lakini yanayoshuka hayasomeki. Pweza wangu amekuwa NWEZA. Kosa ni langu au lako?*

Marahaba, mwanangu. Kosa ni lako, mtego ni wangu, na nilijua kuna watakaonasa. Yaandike juu na chini uyaone:

S A U T I K I N A S A
S A U T I K I P A Z A

Kinasasauti na kipazasauti, yote herufi 11, yanatofautiana kwenye kisanduku cha nane na cha kumi tu. Pacha kama hawa ukiwapata unashukuru Mungu. Kisanduku cha nane kinashuka na "Mikono minane, wino tayari (5)", huyo ndiye pweza wako. Cha kumi kinashuka na "Jembe, nyundo na jamaa zao (4)". Jibu ni ZANA. Bila shaka wewe ulipata SANA, ukaona ni neno la Kiswahili, ukapita. Sana si jembe, mwanangu. Neno likisomeka lakini halijibu kidokezo, lifute palepale, usilifanyie huruma.

Na kidokezo hakikuuliza nani kaihifadhi adhana. Kimeuliza nani kaibeba hadi sokoni. Kinasa huweka, kipaza hupeleka. Hata kanda ya babu, kama jirani waliisikia, kuna kipaza kilichofanya kazi.

Sasa nikwambie ninavyofanya mwenyewe nikikuta fumbo la namna hii. Kabla sijasoma kidokezo hata kimoja, nachukua penseli (penseli, si kalamu) na kutia A kwenye kisanduku cha mwisho cha kila neno refu. Wanangu huniona ninabahatisha. Sibahatishi. Maneno ambatano yetu mengi yamejengwa kwa kitenzi kilichovikwa ki- au m-, kikafuatiwa na jina au neno jingine: kipimajoto, kifunguakinywa, mlalahoi. Kitenzi chenye asili ya Kibantu huishia na a. Ukigeuza neno, kitenzi kinahamia mkiani na a yake: JOTOKIPIMA, HOIMLALA. Ukoo wa mwana nao ni hivyohivyo: HEWAMWANA, MAJIMWANA, SHERIAMWANA. Hao wa mwana ndio wapole kuliko wote, maana ukimtambua mmoja umepata herufi tano za bure. Katika majibu 12 marefu ya toleo lile, 10 yaliishia A. Yaliyokataa ni MOSHIGARI na KANZUASKARI, ambayo yameundwa kwa majina mawili bila kitenzi.

Alama ya pili ni KI iliyokaa tumboni. Sauti-KI-paza, joto-KI-pima. Neno la Kiswahili linalobeba ki katikati, mbele yake kuna jina na nyuma yake kuna kitenzi, basi hapo ndipo lilipokatwa. Lakini tahadhari na KINYWAKIFUNGUA, visanduku 14. Lina ki mbili, na ile ya mwanzo inakudanganya uone neno halijageuzwa. Barua saba nimepokea za watu walioandika KIFUNGUAKINYWA wima wima, halafu wakanilaumu mimi.

*Assalaam alaykum, Maalim. Nakuandikia kutoka Muscat. Mama yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Unguja, na akitaka tusimwelewe alizungumza kinyume. Je, fumbo lako ndilo hilo hilo? Mimi nimegeuza silabi na sikupata kitu.*

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Umenikumbusha barazani kwetu Ng'ambo, pale Unguja mjini.

Si hilo, ila ni binamu yake. Kinyume huchukua silabi ya mwisho na kuileta mbele. Sukari inakuwa risuka, kahawa inakuwa wakaha, hakuna inakuwa nahaku. Bibi yangu na jirani yake walikuwa wanakwenda nacho kwa kasi ya cherehani. "Risuka nahaku," anasema bibi, na jirani anatuma mtoto wake na kikombe, na sisi tumekaa kama vipofu.

Aliyenifungulia mlango ni kuku. Siku moja bibi alisema, "Shoke njatunachi kuku." Nikakaa nikalitafuna lile neno kuku. Silabi zake mbili ni sawa, ukiigeuza inarudi palepale, kwa hiyo bibi hakuwa na njia ya kumficha. Nikajua kuna kuku. Kuku anafanywa nini? Anachinjwa. Njatunachi, tunachinja. Kumbe nja imetolewa mwisho ikawekwa mbele! Basi shoke ni kesho. Nilikuwa na miaka sita, na kuanzia siku hiyo nilisikia mambo ambayo mtoto wa miaka sita hakupaswa kuyasikia.

Sikujisaliti mpaka nilipomwuliza mbona nazi yeye husema nazi tu, haigeuzi. Alinitazama. Wewe geuza nazi mwenyewe utaona kwa nini mama wa Kiislamu haitamki uwanjani. Nilipigwa kofi moja la shavu, na tangu hapo wakaanza kunong'ona.

Mchezo huu wenyewe ni wa zamani. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu Unguja, aliuandika katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka 1870, kwa jina hilohilo la kinyume. Kwa hiyo bibi yako na wangu hawakubuni, walirithi.

Tofauti ni pa kukatia. Kinyume hukata kwenye silabi ya mwisho, hakijali neno lina maana gani ndani yake. Fumbo langu hukata kwenye kiungo, pale maneno mawili yaliposhonwa, kama fundi anayefumua mshono bila kugusa kitambaa. Garimoshi kwa kinyume ni shigarimo. Kwangu ni moshigari. Ukifika pahala umepata silabi moja imebaki peke yake, umekata nyama, hukukata kiungo.

*Mhariri wa Chemshabongo, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, Morogoro. Namba 19 kushuka umetumia "nyamachoma". Nyama choma ni maneno mawili, huandikwa mbalimbali, na kwa hiyo halimo katika sharti ulilojiwekea mwenyewe. Nasubiri masahihisho.*

Mwalimu, umenipata. Ni mawili. Nilijua ni mawili wakati ninachora, na nikaliunganisha kwa makusudi, na kama ningekuwa darasani kwako ningestahili ile wino nyekundu.

Tamaa ndiyo iliyoniponza. Yageuze: CHOMANYAMA. Choma nyama! Inasomeka. Kidokezo kilikuwa "Amri ya baba siku ya sikukuu, na chakula chenyewe (10)". Wewe unajua ilivyo vigumu kupata kitu kama hicho kwetu. Waingereza wana houseboat na boathouse, ukigeuza moja unapata nyingine, ya kwanza ni mashua ya kuishi na ya pili ni nyumba ya kuwekea mashua, na zote zimo kwenye kamusi. Wao kipande kikuu hukiweka nyuma, na jina lolote likikaa mbele yake linakuwa la kulieleza tu. Sisi kikuu hutangulia. Gari kwanza, moshi baadaye. Ukitanguliza moshi, Kiswahili kinakataa kusoma, na ndiyo maana mtatuzi wetu hana neno la kumwonyesha kwamba amefika. Anabaki na ngeli tu na hesabu ya visanduku. Nilipoona choma nyama inakubali kwenda na kurudi, nikashindwa kujizuia.

Waliojaza hapo na waliopaacha wazi, wote nimewahesabia. Chemshabongo lenyewe, mwalimu, naomba uniachie likiwa neno moja.

*Mzee, habari yako. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Nairobi. Haya mafumbo ya visanduku yalianzia wapi, na huwa unayachora kwa kompyuta?*

Njema, kijana wangu. La kwanza la aina hii tunayoijua lilitoka tarehe 21 Desemba 1913, katika gazeti la New York World. Mtunzi alikuwa Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, na alilichora kwa umbo la uru, ile ya karata. Lakini kinachonifurahisha mimi ni jina. Wynne aliliita Word-Cross. Wiki chache baadaye likachapwa Cross-Word, na husemwa ni kuteleza kwa mpanga herufi. Yaani fumbo hili limeingia duniani kwa jina la maneno mawili, vipande vikabadilishana, na likabaki hivyo.

Namtetea yule mpanga herufi, kwa sababu nami nilikuwa mmoja. Kabla ya kompyuta nilipanga herufi za risasi kwa mkono, na unapanga kila kitu kinyumenyume ili kisomeke karatasini. Masanduku yetu yalitoka Uingereza, yamejazwa kwa hesabu ya Kiingereza: E tele, hata hazina kazi, na A na K zinakwisha kabla hujafika nusu ya ukurasa. Siku moja niliishiwa A nikiwa na mistari miwili tu imebaki, nikalazimika kuzinyofoa kwenye tangazo la sabuni lililokwisha kuchapwa. Ndipo nilipoanza kutazama maneno yetu yanaishia na nini.

Siku hizi nachora kwenye daftari la hesabu la mjukuu wangu, lile la miraba, kisha yeye huingiza kwenye kompyuta. SH ni visanduku viwili, CH viwili, na NG' naikwepa kabisa kwa sababu sijui ile alama niiweke wapi.

Kwa wote, moja la kushikia hadi toleo lijalo, sharti ni lilelile, vipande vigeuzwe:

"Nguo zake zote zilivaliwa na wengine kwanza (12)."

Kisanduku cha mwisho mmeshakijaza.