Mpe Dereva Pa Kukaa: Kwa Kijana Anayetaka Kusanifu Magari

Madaftari mengi ambayo vijana huleta kwenye karakana yetu ya bodi za mabasi yanafanana. Ukurasa wa kwanza kuna gari la mashindano lililochorwa kwa pembe ya mbele, taa zimekunja uso, matairi yamejaa mpaka yanavuka madigadi, na paa limelala karibu na boneti. Mkono mara nyingi ni mzuri, tena kuna wengine wana mkono wa hatari. Shida inaanza nikimwambia mwenye daftari anichoree gari hilohilo kwa ubavu, halafu amweke dereva ndani, mwenye kichwa, kiuno na magoti. Hapo kalamu inasimama. Dereva hana pa kukaa. Ukimlaza, miguu inaingia kwenye injini. Ukimkalisha, kichwa kinatoboa paa.

Kama unaingia fani hii leo, achana kwanza na taa na shoo, yaani ule wavu wa mbele ya gari. Jifunze ubavu wa gari mpaka uujue usiku wa giza. Chora duara mbili chini, hayo ni magurudumu, na kila kitu kingine kipime kwa hizo duara. Kwenye gari dogo la kawaida, nafasi kati ya gurudumu la mbele na la nyuma hubeba magurudumu mengine matatu na kidogo, na urefu kutoka ardhini hadi paani ni kama magurudumu mawili na nusu. Ukibadilisha vipimo hivyo kidogo tu, gari linageuka tabia kabla hujagusa taa hata moja.

Zoezi lake halina gharama. Simama kwenye maegesho, tafuta Toyota Mark II ya GX100 na Corolla ya miaka hiyohiyo. Tazama nafasi kati ya gurudumu la mbele na mwanzo wa mlango wa dereva. Kwenye Mark II nafasi hiyo ni ndefu, kwa sababu injini imekaa kwa urefu na nguvu inakwenda magurudumu ya nyuma. Kwenye Corolla injini imekaa kwa upana, inavuta magurudumu ya mbele, kwa hiyo mlango umesogea karibu na tairi. Watu husema Mark II "ina heshima" na hawajui heshima hiyo imetoka wapi. Sehemu kubwa imetoka kwenye hiyo nafasi, ambayo iliamuliwa na mahali injini ilipolala.

Sasa wakubwa wa kazi hii. Wapo wengi, ila ukiwa na muda wa kuwasoma wawili tu, soma Giorgetto Giugiaro na Marcello Gandini. Wote ni Waitalia wa upande wa Torino, wote walizaliwa Agosti 1938, na Gandini ndiye aliyechukua kiti cha Giugiaro katika kampuni ya usanifu wa magari ya Bertone mwaka 1965. Gandini alikuwa na miaka 27 tu Lamborghini Miura ilipoonyeshwa Geneva mwaka 1966. Akaja na Lancia Stratos Zero mwaka 1970, chombo chenye kimo cha sentimita 84, ambacho unaingia kwa kufungua kioo cha mbele. Mwaka uliofuata ikaonyeshwa Lamborghini Countach. Alifariki mwaka 2024, na mpaka leo kijana akichora gari la ndoto zake, hata asipolijua jina hilo, anachora umbo la kabari la Gandini.

Wanaomwiga husahau kwamba mtu huyohuyo alichora Citroën BX, gari la familia, na kabini ya lori la Renault Magnum lililotoka mwaka 1990, lile refu lenye sakafu bapa ambalo dereva anaweza kusimama ndani. Alikuwa mtu wa kufikiri chombo kinafunguka vipi na mtu anaingia wapi. Milango ya Countach inayopanda juu si mbwembwe tupu. Gari ni pana, na mlango wa kawaida ungehitaji nafasi kubwa pembeni. Kuona nyuma nako ni tabu, inajulikana, na sikushauri uige hapo.

Giugiaro ndiye mwalimu ninayempeleka mgeni kwanza. Babu yake alikuwa akichora picha za kutani makanisani, naye aliingia Fiat akiwa na miaka 17. Mwaka 1968 alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Italdesign pamoja na Aldo Mantovani, ambaye alikuwa mtu wa uhandisi. Shika hapo. Msanifu na mhandisi chini ya paa moja, tangu siku ya kwanza. Mwaka 1974 ikatoka Volkswagen Golf. Giugiaro alikuwa amechora taa za pembe nne. Volkswagen wakaweka za duara kwa sababu ni nafuu. Leo watu wanazipenda taa hizo za duara kuliko kitu kingine kwenye gari lile. Ukipeleka mchoro wako kwa mwenye kiwanda akabadilisha taa, usinune wiki nzima.

Lakini gari lake ninalolifundisha zaidi ni Fiat Panda ya mwaka 1980. Lina vioo bapa, vyote, mpaka cha mbele. Kioo bapa ni rahisi kukata, rahisi kubadilisha, na hakihitaji kalibu ya kukipinda. Viti ni fremu na kitambaa kinachovuliwa na kufuliwa. Kwa macho ya haraka utasema ni boksi. Kaa nalo. Kila mstari una kazi, na ubapa wa vioo ndio uliotoa sura ya gari zima. Kwangu mimi Panda ni kazi ngumu kuliko Countach, na najua wapo watakaonikasirikia kwa kauli hii.

Giugiaro huyohuyo ndiye aliyewachorea Wakorea Hyundai Pony, iliyoanza kuzalishwa mwaka 1975, gari la kwanza la Korea Kusini lenye umbo lake lenyewe kuzalishwa kwa wingi. Ukiiona Hyundai Ioniq 5 ya mwaka 2021, yenye mikunjo iliyonyooka na taa za vijisanduku, ujue wamemrudia Pony makusudi.

Na usidhani majina haya yako mbali na barabara zetu. Peugeot 504, iliyobeba abiria wa safari ndefu Afrika Mashariki na kushinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilichorwa na Pininfarina, kampuni ya usanifu ya Italia. Vitz ya kwanza, ile ya mwaka 1999 iliyojaa Dar na Nairobi, ilichorwa na Mgiriki, Sotiris Kovos, katika studio ya Toyota ya Ulaya. Ingia ndani ya Vitz hiyo uone saa ya kasi: mara nyingi ni ya namba, imewekwa katikati ya dashibodi, si mbele ya usukani. Ikikaa katikati, kugeuza gari kutoka usukani wa kulia kwenda wa kushoto kunakuwa rahisi. Hayo ndiyo maamuzi ninayotaka ujifunze kuyaona.

Kuna mwingine ambaye vijana wetu hawamjui kabisa, na inaniuma. McKinley Thompson, Mmarekani mweusi, alishinda shindano la jarida la magari, akapata nafasi ya kusoma chuo cha Art Center huko California, na mwaka 1956 akawa msanifu wa kwanza mweusi kuajiriwa na Ford. Miaka ya 1960 alibuni gari aliloliita Warrior, bodi yake ya plastiki, lengo likiwa liundwe kwa mtaji mdogo katika nchi zinazoendelea, Afrika ikiwa mbele ya mawazo yake. Ford hawakulichukua. Akajenga la mfano kwa juhudi zake mwenyewe, na leo liko kwenye jumba la makumbusho la The Henry Ford, Dearborn. Ukilitazama utaona mtu aliyeanza na swali la nani atalitengeneza na kwa vifaa gani, ndipo akashika kalamu.

Utaniuliza: mbona magari ya sasa yote yanafanana, na yote yamekasirika? Nitakupa sababu chache kwa haraka. Tangu mwaka 2005 kanuni za Ulaya zinataka mtembea kwa miguu akigongwa kichwa kisiumie sana, kwa hiyo wasanifu wakaacha nafasi kati ya boneti na vyuma vigumu vya injini, boneti zikapanda. Betri za magari ya umeme zinakaa chini ya sakafu; gari zima likapanda, na ubavu ulionenepa unafichwa kwa rimu kubwa na plastiki nyeusi. Upepo nao hauna ushabiki wa chapa: kila anayetafuta kusafiri mbali kwa chaji moja anaishia kwenye umbo linaloteremka taratibu nyuma. Chini ya ngozi, basi, tofauti zimepungua. Kilichobaki cha kujitofautishia ni uso. Taa za LED zinaweza kuwa nyembamba kama uzi, na shoo inakuzwa hata pale injini haihitaji hewa nyingi. BMW walipotoa 4 Series mwaka 2020 na zile figo, yaani shoo mbili za BMW, ndefu hadi chini, makelele yalikuwa mengi.

Makelele yenyewe hayasemi kitu. Chris Bangle aliongoza usanifu wa BMW kuanzia mwaka 1992 hadi 2009, na 7 Series ya mwaka 2001 ilipotoka, yenye buti lililokaa juu kana kwamba limeongezwa baadaye, watu walitia saini mtandaoni afukuzwe. Miaka michache mbele, mabuti ya namna hiyo yakawa kwa washindani. Mimi buti lile silipendi hadi leo, ila naelewa alichokuwa anatafuta. Upande mwingine kuna Peter Schreyer, Mjerumani aliyetoka kwenye Audi TT akaenda Kia mwaka 2006. Aliwapa shoo moja iliyobanwa katikati, akairudia gari baada ya gari mpaka watu wakaanza kuitambua Kia kwa mbali. Uso unaweza kuokoa kampuni. Lakini Schreyer aliuweka juu ya vipimo vilivyokaa sawa.

Ndani ya gari mtindo umeanza kurudi nyuma, na ni vizuri. Skrini zilimeza vitufe vyote. Sasa kuanzia mwaka 2026 Euro NCAP, wanaopima usalama wa magari Ulaya, wanataka vitu kama indiketa, honi na waipa viwe na kitufe au mkono wake halisi, kama mtengenezaji anataka alama za juu.

Sisi huku tuna faida moja ambayo mwanafunzi wa Ulaya hana. Magari yanatufikia yakiwa yamezeeka, kwa hiyo tunaishi na maamuzi ya msanifu wakati yeye keshasahau. Nenda gereji, kaa na fundi wa kunyoosha bodi. Muulize bampa gani hupasuka kwanza, taa gani hugeuka njano, madigadi gani huoza. Mtazame anavyokagua kazi: hapitishi macho tu, hupitisha kiganja chote kwa urefu, taratibu, wengine wakiwa wamefumba macho, kisha huinama na kutazama mstari wa taa ya tyubu unavyopita juu ya bati. Mstari ukijikunja, bati bado. Kwenye studio kubwa hufanya vivyo hivyo, taa ndefu juu ya gari la mfano la udongo lililovalishwa utando unaong'aa kama rangi. Udongo huo, ambao kwa kweli ni nta na mafuta unaolainishwa kwa joto, msanifu Mmarekani Harley Earl ndiye aliyeuingiza kwa nguvu General Motors baada ya kuanza kazi pale mwaka 1927, na kompyuta zote hizi bado hazijaufukuza.

Fundi huyo atakufundisha pia kwa nini mlango una mkunjo. Bati pana lisilo na mkunjo hucheza, hulia, na huonyesha kila wimbi. Mkunjo hulikaza. Sisi kwenye mabasi tunaligharamia somo hilo kila siku: ubavu wa mita kumi na mbili bila mbavu wala mkunjo, ukipigwa na jua la mchana tu unavimba.

Vifaa visikutishe. Kalamu ya wino ya kawaida na karatasi za A3 zinatosha mwaka mzima, maana wino haufutiki na utajifunza kuamua. Kwenye kompyuta anza na Blender, programu ya kuunda maumbo ya pande tatu, ni bure. Ukitaka kuchonga mfano, povu jeupe la kwenye maboksi ya televisheni linafaa, lakini usilipake pati ya gari moja kwa moja, italila mbele ya macho yako. Lipake kwanza gundi nyeupe ya mbao, tabaka mbili, ikauke kabisa, ndipo pati, ndipo msasa.

Kuhusu vyuo: Art Center cha Pasadena, Royal College of Art cha London, Coventry, Pforzheim cha Ujerumani na Umeå cha Sweden ndivyo vinavyotajwa sana, na karo ya baadhi yao ni ya kutisha. Omba, lakini usikae kusubiri. Bodi za mabasi zinaundwa hapahapa, Kiira Motors ya Uganda inaunda mabasi ya umeme, pikipiki za umeme zinaunganishwa Nairobi na Kigali. Kazi hizo zinahitaji mtu anayejua kuchora na anayejua bati.

Ukituma kazi zako, iwe chuoni au karakana, weka kurasa chache. Angalau gari moja lionyeshe ubavu wenye vipimo, watu wamekaa ndani, tairi la akiba lina mahali, na mlango umechorwa ukiwa wazi. Sisi tunaopokea hufungua ukurasa huo kwanza.